MAMBO YA SHAMBA: Kutu ya Soya, na Jinsi ya Kuitambua Mapema

Katika mtaa wa Obunga, pale Kisumu, penye harufu ya mgongo wazi ukikaangwa na ngurumo za viwanda vya jirani, si rahisi mpita njia kufikiri habari za ukulima. Lakini wengi wakaao pale wana mashamba. Wengine wamekodi vipande vya ardhi upande wa Kibos. Wengine wana mashamba ya wazazi Seme, Maseno au Nyakach, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara huenda huko kununua mbegu na kulipa vibarua. Mtu wa namna hiyo hulima kwa mkono wa mwingine, na shamba lake huliona kwa macho ya mwingine. Ndiyo sababu ugonjwa unaoelezwa leo humdhuru yeye kuliko mkulima akaaye shambani. Habari zake hazitoshi kupokewa kwa maneno. Ni ugonjwa utakao kutazamwa, tena kutazamwa mapema.

Ugonjwa huo ni kutu ya majani ya soya. Katika magonjwa yote ya majani ya soya hakuna uogopwao duniani kuliko huu. Mahali ulipoenea bila kuzuiwa, umepata kupunguza mavuno kwa zaidi ya nusu, na katika misimu mibaya hasara imefika sehemu 80 katika 100.

Hasara ya karani

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Tuseme yuko karani wa ghala akaaye Obunga, ambaye mama yake hulima nusu eka karibu na Maseno. Mwezi wa Machi karani alikopa fedha katika chama cha akiba, akanunua mbegu ya soya na mbolea, na mama akapanda mara mvua zilipoanza. Soya ikaota vizuri, ikafunga shamba lote kwa majani mabichi. Karani akapiga hesabu zake: fungu hili litalipa mkopo, na fungu lile litalipa karo ya muhula ujao.

Katikati ya mwezi wa Mei mama akapiga simu.

"Baba, majani ya chini yamegeuka manjano."

"Maua yametoka, Mama?"

"Yametoka, na maganda madogo yameanza. Jirani asema ni njaa ya mbolea."

Karani akatuma fedha za mbolea, na mbolea ikatiwa. Baada ya siku kumi majani ya katikati nayo yakageuka, na yale ya chini yakaanguka. Jirani akarudi, akasema, "Soya yako imeiva mapema, Mama, mshukuru Mungu." Siku ya kupura, maganda mengi yalikuwa matupu, na punje zilizopatikana zilikuwa ndogo, zimekunjamana. Fedha yake haikutosha kurudisha hata gharama ya mbegu na mbolea, na mkopo ukabaki pale pale.

Katika habari hiyo hakuna mvivu hata mmoja. Mama alipalilia, mwana alitoa fedha, na jirani alitoa shauri kwa moyo mwema. Kosa lilikuwa dogo sana: katika watu watatu, hakuna hata mmoja aliyeligeuza jani akatazama upande wake wa chini.

Kutu ni nini?

Kutu hii huletwa na kuvu ambayo wataalamu huiita Phakopsora pachyrhizi. Mbegu zake ni laini kuliko unga, na hupeperushwa na upepo mbali sana. Mbegu moja ikitua juu ya jani lenye maji, na maji hayo yakadumu saa sita au zaidi, nayo hewa ikiwa na joto la nyuzi 15 hadi 28 hivi, huota na kupenya ngozi ya jani. Mnamo siku ya saba hadi ya kumi, kipele hutokea chini ya jani na kuanza kutoa mbegu mpya. Kipele kimoja chaweza kuendelea kutoa mbegu kwa muda wa majuma matatu. Mtu akifikiri hesabu hiyo, ataelewa kwa nini shamba lililoonekana zima leo laweza kuwa manjano baada ya majuma mawili.

Nchi ya kando ya Ziwa huifaa kuvu hii katika majira ya mvua. Mchana jua la Kisumu huwa kali, lakini jioni mvua ya radi huja, na majani hulala na maji usiku kucha. Na siku isiyo na mvua, umande wa alfajiri huyalowesha. Soya iliyokwisha kufunga mistari yake hukauka polepole chini, na huko chini ndiko ugonjwa uanziako.

Jambo moja yafaa likumbukwe kuliko mengine, maana shauri nyingi za baadaye zatokana nalo: kuvu hii huishi katika jani lililo hai. Haidumu katika mabua makavu wala katika udongo, wala haisafiri ndani ya mbegu ya kupanda. Kwa hiyo mkulima achomaye mabua ya soya baada ya mavuno akidhani anaiangamiza kutu, huichoma mbolea yake bure. Kutu huvuka kiangazi katika soya iliyojiotea yenyewe, na katika mimea mingine ya jamii ya kunde, ya shambani na ya porini. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 90 za mimea iwezayo kuipokea, yakiwamo maharage ya kawaida na mbaazi, ingawa soya ndiyo iumiayo zaidi.

Safari yake

Kutu hii ilijulikana kwanza Japani, mwaka 1902, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa taabu ya Asia. Mwaka 1996 ilionekana Uganda, Kenya na Rwanda. Mwaka 1998 ilifika Zambia na Zimbabwe, mwaka 1999 Nigeria, na mwaka 2001 Afrika Kusini. Mwaka huo huo wa 2001 ilionekana Paraguay, kisha ikaenea Brazili, nchi ilimayo soya kwa mamilioni ya eka. Novemba 2004 ilipatikana Louisiana, Marekani, na wataalamu wa huko walidhani kwamba tufani iliyoitwa Ivan ndiyo iliyoichukua kutoka kusini. Habari hizi zaonyesha kwamba ua la miiba au mfereji wa mpaka hauzuii kutu. Shamba la jirani likiugua, la pili lisihesabiwe kuwa salama.

Dalili zake

Mkulima aanze kutazama shamba lake mara ua la kwanza litokeapo, maana aghalabu ndio wakati kutu ijitokezapo. Atazame mara mbili kwa juma, asubuhi. Asitazame kutoka njiani. Aingie ndani, afunue mimea kwa mikono, na achume majani ya chini kabisa mahali kumi mbalimbali, hasa penye kivuli, bondeni na kando ya miti, ambako umande hukawia kukauka.

Upande wa juu wa jani, dalili ya kwanza ni vidoa vidogo vya manjano au vya rangi ya udongo, visivyozidi ukubwa wa kichwa cha pini, vyenye pembe pembe kwa kuwa vishipa vya jani huvizuia kutanuka. Kisha jani ligeuzwe. Upande wa chini, ndani ya vidoa hivyo, huonekana vipele vilivyoinuka mfano wa vichuguu vidogo. Kipele kilichokomaa kina tundu juu yake, na tunduni hutoka unga wa rangi ya kahawia iliyopauka. Mkulima akipangusa jani hilo kwa kitambaa cheupe, unga utabaki kitambaani. Kioo cha kukuzia ni msaada mkubwa.

Namna ya kugeuka manjano nayo yafaa ijulikane, maana ndiyo iliyomdanganya jirani katika mfano. Soya inayoiva hugeuka manjano baada ya maganda kujaa, na maganda yenyewe hubadilika rangi pamoja na majani. Soya yenye kutu hugeuka manjano maganda yakingali mabichi na membamba, na manjano hiyo hupanda kutoka chini kwenda juu. Basi kila aonapo manjano, mkulima aulize kwanza hali ya maganda.

Magonjwa yanayofanana nayo

Si kila doa ni kutu, na mtu atiaye dawa bila kujua hupoteza fedha. Ugonjwa wa kwanza wa kutofautishwa ni vipele vya bakteria. Hivi navyo huinuka chini ya jani, lakini havina tundu wala unga. Kipele chake hupasuka katikati kama ufa, na mara nyingi huzungukwa na duara la manjano. Hupenda majani machanga ya juu, hali kutu huanza chini. Dawa ya kuvu haiwezi kitu juu ya bakteria.

Wa pili ni ugonjwa wa jicho la chura. Madoa yake ni mviringo, katikati rangi ya majivu, na ukingo wa rangi nyekundu iliyofifia au zambarau. Nao hauna unga. Wa tatu ni ukungu wa manyoya: juu ya jani huonekana madoa ya manjano hafifu, na chini yake manyoya ya rangi ya kijivu, si vipele. Wa nne ni baka la kahawia, ambalo huanza majani ya chini kama kutu, lakini madoa yake ni bapa, huungana na kukausha jani vipande vipande.

Mkulima akiwa bado ana shaka, ipo njia ya usiku mmoja. Achukue majani machache yenye madoa, ayatie katika mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha karatasi au pamba iliyoloweshwa, aufunge, na auweke mahali penye kivuli ndani ya nyumba. Asubuhi, kama ni kutu, vipele vitakuwa vimetoa unga mwingi kuliko jana. Kama ni bakteria, hakuna unga. Majani hayo yapelekwe kwa Bwana Shamba yangali katika mfuko wake, na yafikishwe siku hiyo hiyo, kwani jani lililooza halisomeki.

Kinga kabla ya kupanda

Kinga ya kwanza ni mbegu. Nchini Uganda, kutu ilipoingia mwaka 1996, aina za soya zilizopendwa na wakulima ziliumizwa vibaya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa kituo cha Namulonge wakaanza kuchagua na kuchanganya mbegu, na mwaka 2004 aina ya Maksoy 1N ikatolewa kwa wakulima, kwa sababu iliweza kuhimili kutu. Baadaye zikafuata Maksoy 2N na Maksoy 3N. Katika aina zenye kuhimili, jani hupata vidoa vya rangi nyekundu ya udongo ambavyo hutoa unga kidogo au havitoi kabisa. Hata hivyo, mkulima asidhani kwamba mbegu iliyoshinda kutu jana itaishinda milele. Kuvu hii hubadilika, na aina iliyokuwa na nguvu yaweza kudhoofika. Kwa hiyo yafaa kuuliza kila mwaka, katika ofisi ya kilimo au kituo cha KALRO kilicho karibu, ni aina gani ihimiliyo kutu katika wilaya hiyo, na kununua mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS. Punje zilizonunuliwa sokoni Kibuye kwa gorogoro ni chakula kizuri, lakini hakuna ajuaye jina lake wala asili yake.

Kinga ya pili ni wakati. Mbegu za kutu huongezeka hewani kadiri msimu uendeleavyo. Soya iliyopandwa mara mvua zinapoanza, hasa ya aina iivayo mapema, huweza kujaza maganda kabla ugonjwa haujapata nguvu. Soya iliyochelewa hupokea unga wote uliotengenezwa katika mashamba yaliyotangulia. Yafaa majirani wakubaliane kupanda ndani ya majuma mawili. Huu ni wema usiogharimu senti.

Kinga ya tatu ni nafasi. Mistari iachane sentimita 45, na mche na mche sentimita 5 hadi 10, ili upepo upite na majani yakauke mapema. Magugu yang'olewe. Soya isipandwe kando ya soya kuukuu iliyokwisha kuugua.

Habari za dawa

Kama kutu imeonekana na msimu ungali mbele, dawa ya kuua kuvu yaweza kuokoa shamba. Dawa zitumikazo zaidi ni za kundi liitwalo triazoli na la strobilurini, au mchanganyiko wa hayo mawili. Nchini Zimbabwe, baada ya hasara za kwanza, wakulima walishauriwa kuanza kunyunyiza mnamo siku ya 50 tangu kupanda, na kurudia kila baada ya siku 20 hivi. Kando ya Ziwa, ambako joto huharakisha mmea, kipimo kizuri ni mmea wenyewe: dawa ya kwanza wakati wa maua au mara vipele vya kwanza vionekanapo, na ya pili baada ya majuma mawili au matatu, kwa kufuata karatasi ya dawa.

Dawa isitumike ovyo. Mkulima asome karatasi yake aone kwamba imeandikishwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, na kwamba soya na kutu zimetajwa. Kipimo kisizidishwe wala kisipunguzwe. Kundi moja la dawa lisitumike peke yake msimu baada ya msimu: nchini Brazili kuvu ilizoea dawa zilizotumiwa sana, nguvu zake zikapungua, na wakulima wakagharimika zaidi kwa faida ndogo zaidi. Bomba lielekezwe chini na katikati ya mimea, maana dawa iliyolowesha majani ya juu tu haikumfikia adui. Anyunyizaye avae glavu, buti, nguo ndefu na kifuniko cha mdomo na pua, asivute sigara, na aoge amalizapo. Siku za kungoja kabla ya mavuno zihesabiwe na kutunzwa. Na bomba lisioshwe mtoni. Maji ya mito hiyo huishia Ziwani, nayo ndiyo maji ya samaki na ya watu.

Upo pia wakati wa kutotia dawa, na kuujua ni sehemu ya ustadi. Jani ni jiko la mmea. Ndilo lipikalo chakula kiingiacho katika punje. Maganda yakiwa bado membamba, jani lililookolewa ni punje iliyookolewa. Lakini kama maganda yamejaa na punje zimegusana ndani yake, kazi ya jani imekaribia kwisha, na fedha ya dawa yafaa ibaki mfukoni. Vivyo hivyo, dawa hairudishi jani lililoanguka. Shamba lililokwisha kupoteza majani yake mengi halina cha kutibiwa. Livunwe linapokauka, na hesabu ifungwe.

Mwenye nusu eka apige hesabu kabla ya kununua: bei ya dawa ya mara mbili, kukodi bomba, na ujira wa kibarua, dhidi ya thamani ya mavuno anayotumaini kuyaokoa. Kama hesabu ni nzito, wakulima kumi wa kikundi kimoja waweza kununua chupa kubwa na bomba moja kwa shirika.

Baada ya mavuno

Soya yote iliyojiotea baada ya mavuno ing'olewe kabla ya mvua za vuli. Hii ndiyo nyumba ambayo kutu hulala wakati wa kiangazi. Jambo hili halikuonekana dogo hata katika nchi ya mashamba makubwa: mwaka 2006 jimbo la Mato Grosso, Brazili, lilianza kuamuru kwamba kuwe na kipindi cha mwaka ambacho soya hai haitaonekana shambani. Hapa kijiji chaweza kufanya hivyo kwa mapatano tu, bila amri. Mabua makavu yarudishwe udongoni au yapewe ng'ombe. Msimu ufuatao shamba lipandwe mahindi au mtama, nayo yatafaidi rutuba iliyoachwa na soya.

Mtu akaaye mjini na kulima kwa simu naye ana kazi yake. Anunue daftari, aandike siku ya kupanda, siku ya ua la kwanza, na siku ya kila ukaguzi. Ua litokapo, asimwulize mama yake tu, "Shamba laendeleaje?" kwani jibu la swali hilo huwa "Vizuri" mpaka siku lisipokuwa vizuri. Na aseme, "Mama, tafadhali chuma majani matatu ya chini, yageuze, na mwambie mtoto ayapige picha kwa simu, upande wa chini." Picha hiyo, iliyopigwa penye mwanga wa kutosha, yaweza kuonyeshwa Bwana Shamba siku hiyo hiyo. Karani wa mfano angalifanya hivyo katikati ya Mei, fedha aliyoitoa kwa mbolea ingalinunua dawa, na maganda yalikuwa bado membamba.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kwa ugonjwa huu, hata mwenye macho aambiwe: tazama chini ya jani.